Starehe, Sitara na Nyumba Kongwe: Safari Fupi ya Barabara ya Jogoo

Msafiri anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Donholm kwa matatu hupita katika historia ya ujenzi wa jiji hili bila kushuka garini. Gari likishaingia Barabara ya Jogoo, mitaa ya Kaloleni na Makongeni hujitokeza, kisha Mbotela, Maringo, Jericho na Makadara, hadi barabara hiyo inapokutana na ile ya Outer Ring na Donholm kuonekana ng'ambo. Kila mtaa una umri wake, na kila umri ulikuwa na maoni yake kuhusu nyumba anayostahili mtu wa kawaida. Sisi tunaokaa Donholm tumeizoea njia hii mno hata hatuitazami.

Kilichotufanya tuitazame upya ni tangazo la nyumba. Katika somo la tafsiri tulipewa tangazo fupi la Kiingereza lililonadi nyumba ya enzi ya Malkia Victoria, iliyokarabatiwa vyema, yenye starehe zote za kisasa, iliyoko katika mtaa wa kihistoria. Zoezi lilionekana jepesi, lakini kila kifungu kilitukwamisha. Je, tuseme nyumba hiyo "ilikarabatiwa", "ilirejeshwa" au "ilifufuliwa"? Neno "starehe" lafaa, au litamkumbusha msomaji baa na muziki wa usiku kucha? Na mtaa wa kihistoria ni mtaa wa namna gani? Mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba katika maelezo ya chini tutaje Kaloleni ili msomaji wa Kenya aelewe. Darasa zima likaangua kicheko.

Makala haya yamezaliwa na kicheko hicho. Tunadhamiria kueleza maana ya kuikarabati nyumba kongwe na kuitia starehe za kisasa, kwanza kule ambako msamiati huo ulitoka, kisha katika pwani yetu ambako kazi hiyo ina mizizi, na hatimaye katika Eastlands, ambako swali lenyewe, kwa maoni yetu, hubadilika sura.

Tuanze na Victoria mwenyewe. Malkia huyu alitawala Uingereza tangu mwaka 1837 hadi alipofariki Januari 1901. Nyumba zinazoitwa kwa jina lake zilijengwa kwa wingi mkubwa katika miaka hiyo, nyingi zikiwa za matofali na zikiwa zimeshikana safu moja kando ya barabara. Zilikuwa na dari za juu, madirisha marefu, meko ya makaa ya mawe katika vyumba vingi na, kwa wenye uwezo, vyumba vya darini walimolala watumishi. Usiku ziliangazwa kwa gesi, mafuta au mishumaa. Katika nyumba za wafanyakazi, choo kilikuwa uani. Anayeikarabati nyumba kama hiyo leo huihifadhi sura yake ya mbele, madirisha, nakshi za dari na hata meko yasiyokokwa tena, kisha huyaficha mabomba ya maji moto na nyaya za umeme nyuma ya kuta. Tangazo letu, kwa hivyo, lilikuwa likitoa ahadi yenye pande mbili: utaona walichokiona wahenga hao, lakini hutataabika walivyotaabika.

Nairobi haina nyumba ya namna hiyo, na sababu yake ni hesabu tu. Reli ilifika hapa Mei 1899, na Victoria akafariki kabla ya miezi ishirini kutimia. Kilichokuwapo katika miezi hiyo kilikuwa kambi ya mahema, mbao na mabati. Mwaka 1902 tauni ilipozuka katika soko la Wahindi, maafisa waliamuru soko hilo liteketezwe kwa moto. Jiji lilianza maisha yake kwa kuchoma nyumba, na mara nyingine hudhihirika kwamba halijaiacha tabia hiyo. Ile nyumba kongwe inayojulikana zaidi na wageni, aliyokaa Karen Blixen, ilijengwa mwaka 1912, miaka kumi na mmoja baada ya kifo cha Victoria. Nayo sasa ni makumbusho: watu huizuru wakaondoka, hakuna anayelala humo wala kuchemsha chai.

Anayetaka kuona jengo la Afrika Mashariki lenye uhusiano halisi na Victoria hana budi kuvuka bahari hadi Unguja. Hapo ufukweni mwa Mji Mkongwe mna jengo linalojulikana kama Zahanati ya Kale. Mwaka 1887 tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, aliliwekea jiwe la msingi ili kuadhimisha jubilei ya dhahabu ya malkia huyo. Topan alifariki mwaka 1891 na hakuliona likikamilika. Lilimalizika mwaka 1894. Baadaye liliuzwa, likawa na zahanati katika ghorofa ya chini na makazi katika ghorofa za juu. Sifa yake kuu ni roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi wa Kihindi, ambazo humfanya mpita njia asimame hata kama ana haraka. Jengo hilo lilichakaa kwa miaka mingi, kisha katika miaka ya 1990 likakarabatiwa kwa udhamini wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Ikumbukwe kwamba hatima hii si ya lazima. Karibu na hapo, jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash na kusifika kwa kuwa na taa za umeme na lifti mapema kuliko majengo mengine ya eneo hili, liliporomoka kwa sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu wakapoteza maisha. Mji Mkongwe ulikuwa umeorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Kuorodheshwa hakuzuii mvua kupenya paa.

Hata hivyo, zahanati na jumba la sultani si nyumba za kuishi watu wa kawaida. Ili kuelewa nyumba, twende Lamu. Huko ndiko ambako Kiswahili chenyewe kimehifadhi ramani ya nyumba katika majina ya sehemu zake, na mwanafunzi wa lugha anayetoka bara, kama mwandishi wa makala haya, hushangaa kuona jinsi kila hatua ya mguu ilivyokuwa na neno lake. Mgeni huanzia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Akikaribishwa hupita tekani, ukumbi mdogo uliopinda makusudi ili aliye nje asiweze kuona ndani hata mlango ukiwa wazi. Mgeni wa kiume huishia sabule, chumba chake kilichotengwa. Wenye nyumba huendelea: kiwanda, ambacho ni ua wa ndani ulio wazi kwa mwanga na hewa, msana wa tini na msana wa juu, kumbi ndefu zinazofuatana, na mwisho kabisa ndani, chumba ambacho jina lake halihitaji maelezo, chenye ukuta wa zidaka zilizopangwa safu juu ya safu. Kadiri mtu anavyozama katika nyumba, ndivyo uhusiano wake na wenyeji unavyozidi kuwa wa karibu.

Upana wa vyumba hivyo haukutokana na matakwa ya mwenye nyumba pekee. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita mbili na nusu au karibu na tatu. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu. Mti wa baharini ndio uliomwamulia mjenzi. Kuta nazo ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa ambayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Hapa pana jambo la kiufundi ambalo kila anayekarabati hana budi kulifahamu. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Chokaa huuruhusu upite. Fundi asiye na ujuzi akiupiga lipu ya saruji ili uonekane imara, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na baada ya misimu michache lipu hiyo hubabuka na kuondoka na sehemu ya ukuta. Nyumba nyingi zimeumizwa na saruji iliyoletwa kwa nia njema.

Je, nyumba hizo hazikuwa na starehe? Zilikuwa nazo, na baadhi yake zilikuwa za hali ya juu. Choo kilikuwa ndani ya nyumba, kikiwa na birika la maji. Katika birika hilo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini yake bakuli la kauri la Kichina la kuwahifadhi samaki hao maji yanapopungua. Linganisha na nyumba ya mfanyakazi wa London ya karne ya 19, ambaye alilazimika kwenda uani usiku wa theluji. Msomaji atakubaliana nasi kwamba katika mashindano hayo, Lamu haikuwa nyuma.

Lakini starehe kubwa zaidi ya nyumba hiyo haikuwa birika wala zidaka. Ilikuwa sitara. Neno hili hutafsiriwa kwa haraka kama faragha, ilhali uzito wake ni zaidi ya hapo: ni stara ya mwili na ya jamaa, ni hali ya kutoonekana na asiyepaswa kukuona, na ni heshima inayotokana na hali hiyo. Pindo la tekani ni sitara iliyojengwa kwa mawe. Ukarabati wowote unaolinyoosha pindo hilo ili sebule "ipate mwanga" huwa umebakiza kuta na kuitoa nyumba.

Mji wa Lamu ulifanyiwa uchunguzi wa kina katika miaka ya 1970, na kazi za Usam Ghaidan zikawa msingi wa mipango ya uhifadhi iliyofuata. Katika miaka ya 1980 mji ukatengwa kisheria kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2001 ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba nyingi zimekarabatiwa tangu hapo. Zimewekewa feni, bafu za manyunyu, majiko ya gesi na matangi juu ya paa. Kwa macho ni kazi ya kupendeza. Ila nyumba kadhaa kati ya hizo zimenunuliwa na watu wa mbali au kugeuzwa za kupangisha watalii, na katika ndani, chumba cha wenyeji, hulala mgeni wa siku tatu ambaye kwa mpango wa asili angeishia sabule. Ramani imehifadhiwa kwa uaminifu na maana yake imepinduliwa. Hatulaumu. Chokaa na boriti zina gharama, na aliye na fedha ndiye aliyelipa. Tunachosema ni kwamba ukarabati wa jengo na ukarabati wa makazi ni mambo mawili.

Tukiwa na kipimo hicho cha sitara mkononi, turudi Barabara ya Jogoo.

Eastlands ilijengwa na serikali iliyoamini kwamba Mwafrika ni mgeni mjini. Alitarajiwa kuja kufanya kazi, kukaa kwa muda, na kurudi kwao. Kwa hivyo mitaa mingi ya mwanzo ilihesabiwa kwa vitanda, si kwa familia: chumba kimoja, wanaume kadhaa, mfereji wa pamoja, choo cha pamoja. Waliojaribu kujenga wenyewe hawakuachwa watulie. Pangani ya kale, iliyokuwa na nyumba za Waafrika wenyewe na zikiwemo nyingi za wanawake, ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakahamishiwa mtaa mpya. Mtaa huo ukaitwa Shauri Moyo. Huelezwa kuwa jina hilo lilikuwa jibu la watu kwa uhamisho huo: wengine wameamua, na moyo ubaki na shauri lake. Ikiwa ndivyo, basi huo ni ushairi wa neno mbili ambao haujafundishwa vya kutosha katika madarasa yetu.

Pumwani, kwa upande wake, ilisalia. Katika sehemu yake ya Majengo, watu walipewa viwanja wakajenga nyumba za Kiswahili za miti na udongo. Ramani yake inajulikana kote Afrika Mashariki: ukumbi mrefu unaopasua nyumba katikati, vyumba pande zote mbili, baraza mbele, na uani nyuma kwenye jiko na choo. Mwenye nyumba aliweza kukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyosalia. Anayeijua nyumba ya Lamu atatambua undugu: baraza ni binamu wa daka, na uani unafanya kazi ya kiwanda. Tunadiriki kusema kwamba Majengo ni mtaa wa kihistoria kwa kipimo chochote kile, hata kama hauna nakshi za dari.

Kaloleni ina hadithi tofauti. Ilijengwa katika miaka ya 1940, wakati watawala walipoanza kukiri, shingo upande, kwamba mfanyakazi ana mke na watoto. Ilipangwa kwa kufuata fikra ya mji wa bustani iliyotoka Uingereza: nyumba za chini za mawe zikizunguka nafasi za wazi zenye miti, na katikati ukumbi, maktaba na huduma nyingine. Fikra iyo hiyo ya mtaa unaojitosheleza ilitawala mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948. Ukumbi wa Kaloleni ulikuja kuwa mahali pa mikutano ya siasa na ya vyama vya wafanyakazi katika miaka ya 1950. Waliopewa bustani waliitumia kudai nchi.

Basi yule mwenzetu aliyechekwa hakukosea. Kama mtaa wa kihistoria ni ule ambao umbo lake linasimulia jinsi watu walivyotawaliwa na walivyojikomboa, Kaloleni haina mpinzani mkubwa jijini. Kilichotuchekesha, nadhani, ni maneno yale mengine: starehe zote za kisasa.

Hapa sina budi kuacha nafsi ya "sisi" kwa aya chache. Nyanya yangu anakaa katika mojawapo ya mitaa hii ya kale. Sitautaja. Aliingia humo akiwa bibi harusi, na watoto wake wote wamekulia katika vyumba hivyo viwili. Ukuta wa mawe ni imara kuliko wa nyumba yetu ya Donholm, ambayo ina umri wa nusu yake na nyufa maradufu. Mti uliopandwa mbele ya mlango umeshakuwa mkubwa. Lakini choo ni cha pamoja, hatua themanini kutoka mlangoni. Nimezihesabu. Usiku nyanya hubeba tochi na kumwamsha mjukuu mmoja amsindikize. Nilipomweleza kwa shauku kuhusu mji wa bustani na mpango wa 1948, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiyo historia yako nzuri. Mwambie aliyeiandika aniwekee choo."

Nilicheka, na baadaye nikaona kwamba nyanya alikuwa amelitatua tatizo la tafsiri lililotushinda darasani. Kitenzi "kurejesha" hufaa pale ambapo kuna kitu kilichokuwapo kikatoweka. Nyumba ya Victoria hurejeshewa nakshi zake. Nyumba ya Lamu hurejeshewa chokaa yake. Nyumba ya nyanya ikirejeshwa jinsi ilivyokuwa siku ilipofunguliwa, atarejeshewa safari ya hatua themanini. Ukosefu wa choo humo haukusababishwa na uchakavu. Ulichorwa katika ramani. Aliyeichora alikuwa ameshaamua ni sitara kiasi gani inayomtosha mtu wa aina hiyo. Kwa hivyo kumwekea choo, bomba na soketi si kuiharibu asili ya nyumba kama wahafidhina wa majengo wanavyoweza kuhofia, wala si anasa iliyoongezwa juu ya urithi. Ni kukimaliza kilichoachwa nusu. Kitenzi tunachokihitaji kwa Eastlands kiko karibu zaidi na "kukamilisha".

Je, jambo hili linawezekana kiufundi? Linawezekana, na ufundi wake si wa ajabu. Kanuni ni ile ile ya Lamu: yaache mifupa, ingia kupitia sehemu dhaifu. Kuta za mawe haziguswi. Nyingi ya nyumba hizi zina nafasi nyuma au ubavuni, ambapo wakazi wamekwisha kuongeza vyumba vya mabati kwa miongo mingi. Hapo ndipo panapofaa kujengwa choo na bafu, mabomba yakipita nje ya ukuta wa kale ili yakipasuka yasiunyweshe maji. Paa huinuliwa na kuwekewa dari, kwa maana joto la mchana na kelele za mvua ni adui wa starehe kama ulivyo ukosefu wa maji. Nyaya za umeme, ambazo katika nyumba nyingi zimeungwa na kuungwa tena na mafundi wa kila aina, huvutwa upya zote. Tatizo kubwa liko chini ya ardhi. Mabomba ya maji taka ya mtaa mzima yalipimwa kwa idadi ya watu wa wakati huo, na hakuna choo kipya kitakachofaa ikiwa mfereji mkuu umeziba. Ndiyo maana mkazi mmoja hawezi kuifanya kazi hii peke yake.

Mfano wa karibu upo, ingawa si wa nyumba. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, lilichukua jukumu la kukarabati Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, pamoja na matawi yake mawili ya Eastlands: Kaloleni na Makadara. Yalianza kukamilika matawi, si jengo kuu lenye nguzo za fahari. Wakazi waliulizwa wanataka maktaba ya namna gani kabla ya kazi kuanza. Leo mwanafunzi wa Kaloleni husoma katika jengo ambalo babu yake angelitambua, na hapo anakaa vizuri kuliko alivyokaa babu huyo. Anayetilia shaka kwamba jengo la Eastlands lastahili kukarabatiwa kwa uangalifu na aende akaketi humo saa moja.

Upande wa pili wa hoja una nguvu zake, na haitakuwa haki kuupita. Jiji limefurika. Kiwanja kinachobeba nyumba chache za chini kingebeba ghorofa la mamia ya familia. Kwa msingi huo, mtaa wa kaunti wa Pangani ulibomolewa na maghorofa yakasimama mahali pake, na mitaa mingine mikongwe ya Eastlands imekuwa katika mipango ya aina hiyo kwa miaka kadhaa. Watu wanahitaji nyumba; asiyekubali hilo hajawahi kutafuta chumba cha kupanga Nairobi mwezi Januari. Maoni yangu ni kwamba si kila nyumba ya kale ihifadhiwe. Ile mitaa ya vyumba vya kitanda, iliyojengwa kwa dharau tupu, sioni kwa nini mtu ailirie. Ihifadhiwe nyumba moja au mbili za kufundishia. Kaloleni ni jambo jingine, na Majengo, ambako wenyeji walijenga kwa mikono yao, yapasa wenyewe waulizwe kwanza. Kisha hoja ya wingi wa watu husahau swali la nyanya: ghorofani atapata choo, lakini je, atapata chumba humo, kwa kodi gani, na mlango wa nani utamwelekea? Sitara haihesabiwi kwa vyumba tu.

Na Donholm yetu je? Jina lake ni la shamba la mlowezi, James Kerr Watson, lililoitwa Doonholm. Barabara ya Jogoo yenyewe iliitwa Doonholm kabla ya nembo ya chama cha KANU kuipa jina jipya. Uhuru ulibadilisha jina la barabara, ukaliacha la shamba, na katika kuliacha, matumizi ya watu yakaidondosha o moja. Mtaa uliosimama hapo kwa fezi zake mbalimbali ulikusudiwa watu wa kipato cha kati: nyumba za ghorofa moja zenye bustani ndogo, choo ndani, jiko ndani, maegesho ya gari. Ilikuwa ahadi ya starehe ambayo Kaloleni haikupewa. Leo nyumba hizo zinabomolewa moja baada ya nyingine na wenyewe, zikipandwa magorofa ya kupangisha hadi mpakani mwa kiwanja. Jirani yetu wa upande wa mashariki alijenga ghorofa tano mwaka juzi. Dirisha la jikoni mwake linatazama moja kwa moja bafuni petu, na mama ameshona pazia la tatu. Tuna maji, umeme na intaneti. Tekani hatuna.

Zoezi lile la tafsiri tuliliwasilisha hatimaye. Tuliandika "nyumba ya enzi ya Malkia Victoria, iliyokarabatiwa", kwa kuwa "kukarabati" halidai kwamba yote yamerudi yalivyokuwa. "Starehe" tulilibakiza baada ya mwenzetu wa Ziwani kutukumbusha kwamba mtaa jirani na kwao unaitwa hivyo hivyo, Starehe, na hakuna anayefikiria baa. "Mtaa wa kihistoria" tuliutafsiri vilevile, na katika maelezo ya chini tukaandika Kaloleni.

Kuhusu nyanya, nilimchorea ramani ya choo wakati wa likizo: mita moja na nusu kwa mbili, kikishikana na ukuta wa nyuma, mlango ukifungukia ndani ya nyumba. Fundi wa mtaani aliipitia akasema kazi ni ya siku tisa. Nyumba si mali ya nyanya, kwa hivyo barua ya kuomba ruhusa ya kujenga imepelekwa kwa mwenye nyumba. Imeshatimiza miezi saba. Nyanya ameibandika ramani ukutani kando ya kalenda, na kila mgeni anayefika huonyeshwa mlango utakapokuwa.